Mtamba wa Kijiji cha Vumbi

Kila siku saa nne na nusu, uji ukishanywewa na vikombe vikishasuuzwa, niliwasomea Darasa la Nne hadithi kwa dakika kumi na tano. Kipindi hicho hakikuwemo kwenye ratiba. Nilikimega kutoka Hisabati, na Mwalimu Mkuu alijua akanyamaza. Watoto walikuwa sitini na saba, na hawakuhitaji kuambiwa cha kufanya: madaftari yalifungwa, vichwa vikalazwa juu ya madawati, nami nikafungua kauntabuku langu lenye jalada jekundu na kusoma kwa sauti ambayo nje ya chumba kile sikuwa nayo.

Jumatatu ile nilikuwa mstari wa tatu mlango uliposukumwa.

Aliingia Mzee Masatu, baba yake Rhobi. Hakupiga hodi. Alikuwa amevaa gambuti za kuchungia, zikiwa bado na tope bichi la lambo. Alivua kofia, akaenda moja kwa moja kwenye ukuta wa nyuma, mahali nilipofunga kamba na kutundika kazi za watoto kwa vibanio vya nguo. Akaanza kusoma majina. Alisoma polepole, midomo ikitembea, kidole kikigusa karatasi moja, kisha inayofuata, kisha inayofuata. Hakuna mtoto aliyeinua kichwa na hakuna aliyekuwa amelala. Mimi nilisimama na kauntabuku wazi. Nilijua anatafuta karatasi gani. Sikumwonyesha, wala sikumzuia.

Akaipata katikati ya kamba. Ilikuwa na nyota niliyoichora kwa kalamu nyekundu. Akaichomoa, akarudisha kibanio mahali pake, akaikunja karatasi mara nne na kuitia kwenye mfuko wa shati.

"Rhobi," alisema. "Chukua mfuko wako."

Rhobi alikuwa na miaka kumi na mmoja, mdogo wa umbo, mwenye kawaida ya kuandika akiwa ameifunika karatasi kwa mkono wa kushoto kama mtu anayekinga kibiriti kisizimwe na upepo. Alinyanyuka bila kunitazama. Mfuko wake ulikuwa wa saruji, ulioshonwa upya na mama yake.

"Samahani kwa usumbufu, mwalimu," Mzee Masatu aliniambia, kwa adabu kabisa. "Endelea kuwafundisha."

Nikaendelea. Katika yote, hilo ndilo linalonitia aibu zaidi. Niliendelea kutoka mstari wa tatu.

Shule ile iko kijijini, ndani ya Wilaya ya Butiama, na nilikuwa nimepangiwa pale miezi saba kabla ya siku hiyo. Mimi ni mtoto wa Musoma mjini. Mama yangu anauza dagaa sokoni Mwigobero. Kuhusu ng'ombe nilijua maziwa tu. Kijiji kina vitongoji viwili, Mlimani wanakofuga na Bondeni wanakolima mihogo na viazi, na katikati lambo moja la maji ambalo kila upande unasema ulilichimba wenyewe.

Nilipoingia darasani mara ya kwanza nilidhani watoto wamepangwa kwa urefu. Baada ya wiki nikaelewa. Safu za dirishani walikaa wa Mlimani, safu za mlangoni wa Bondeni. Walibanana wanne wanne, huku madawati matatu ya katikati yakiwa hayana mtu.

Niliambiwa sababu kidogo kidogo. Mwaka uliotangulia, mtamba wa Mzee Masatu, ng'ombe mwekundu aliyekuwa na mimba yake ya kwanza, alikutwa asubuhi kando ya lambo amekatwa kano za miguu ya nyuma. Siku moja kabla, mkulima wa Bondeni aitwaye Danford, ambaye viazi vyake vilikuwa vimekanyagwa, alisema mbele ya watu: "Mkimleta tena huyo mwekundu, nitamkata." Basi kila mtu akajua. Nyumba mbili za Bondeni zikachomwa moto. Danford akakamatwa, na nilipofika kijijini alikuwa bado ndani, Musoma, kesi ikipigwa kalenda. Binti yake, Agness, alikuwa mwanafunzi wangu, dawati la kwanza mlangoni.

Chuoni tulikuwa na mkufunzi aliyetuambia kwamba mtoto haulizwi ana kwa ana juu ya ugomvi wa nyumbani kwao. "Uvalisheni ugomvi nguo za hadithi," alisema. "Upelekeni mbali kidogo, kijiji kisicho na jina la mtu, kisha waacheni watoto wautazame." Niliyaandika maneno hayo nikayapigia mstari. Mtu mwenye aibu kama mimi hupenda njia isiyomlazimu kutaja jambo kwa jina lake.

Ndivyo nilivyotunga hadithi ya Kijiji cha Vumbi na Kijiji cha Tope. Ilikuwa na msichana wa Vumbi na msichana wa Tope waliochota maji mahali pamoja na kubadilishana ndoo ili wazazi wasijue nani kasaidiwa. Ilikuwa na mwenyekiti wa Tope aliyekoroma mkutanoni kila ajenda ilipofika kwenye maji, na hapo pande zote mbili za darasa zilicheka, na mimi nikadhani kazi imeanza kufanyika. Wiki ya pili nikaleta mtamba wa mfugaji wa Vumbi. Akakutwa amekatwa miguu. Hakuna aliyeona. Nikakomea hapo, nikagawa karatasi, nikaandika ubaoni: *Maliza hadithi. Nani alimkata mtamba? Wanakijiji wafanye nini?*

Agness akanyoosha kidole. "Madam, tukikosea tutachapwa?"

"Kwenye hadithi hakuna anayekosea. Na hakuna anayechapwa kwa sababu ya hadithi."

"Hata ukiandika mtu mkubwa?"

Huyo alikuwa Rhobi. Hakunyoosha kidole. Nakumbuka kwa sababu alikuwa hazungumzi, na hata wenzake wa dirishani waligeuka.

"Hata ukiandika mtu mkubwa," nikasema.

Nilisahihisha alasiri ile ile. Watoto thelathini na sita wa dirishani waliandika kwamba mtamba alikatwa na mtu wa Tope. Watoto thelathini wa mlangoni waliandika kwamba watu wa Vumbi walimkata wenyewe wapate kisingizio. Wanakijiji wafanye nini? Wamtoze ng'ombe kumi. Wamfunge. Wamchome. Kwa swali hilo mmoja hakuandika kitu, alichora panga na kulipaka rangi vizuri. Niliwapa nguo za hadithi, wakazivaa juu ya zile zile walizokuja nazo.

Karatasi ya sitini na saba ilikuwa ya Rhobi.

*Mtamba alikatwa na mtu wa Vumbi. Ni mdogo wake mwenye ng'ombe. Huyo mtamba alitoka kwenye mahari ya dada yao. Mahari ya dada ilikuwa ya mdogo aolee lakini mkubwa akakaa nayo. Mdogo akakasirika. Alimkata asubuhi watu hawajaja kuchota maji. Msichana alitumwa maji mapema akamwona anaosha panga kwenye beseni ya bluu. Panga ina mpini wa mpira mwekundu. Akamwambia msichana usiseme. Halafu wakamshika mtu wa Tope. Msichana anataka kusema lakini hajui atamwambia nani. Mwisho.*

Niliisoma mara tatu. Yale ya mahari hayakunishangaza. Hata sisi wa mjini tunajua kwamba ng'ombe waliomtoa dada ndio kaka anaoolea, na kwamba ndugu hugombana kwa hilo mpaka kaburini. Kilichonisimamisha ni ule mpini. Kila Jumamosi nilikwenda kwa Mzee Masatu kununua maziwa. Pembeni mwa boma lake, katika kijumba cha peke yake, aliishi mdogo wake, Gibson, mwanamume aliyepita miaka thelathini bila mke. Panga lake hulichomeka kwenye ua. Nililiona. Mpini wake umefungwa mpira mwekundu.

Sitasema sikujua. Nilijiambia mtoto anayetunga huazima vitu vya nyumbani kwao, kama mkufunzi alivyosema. Nikajiambia huyu mtoto ana kipaji. Nikaandika *Hongera sana!* na kuchora nyota. Kisha nikafanya tulivyofundishwa, kwamba darasa liwe zungumzi, kuta zibebe kazi za watoto na majina yao. Nikazitundika zote. Ya Rhobi nikaiweka katikati, usawa wa macho ya mtu mzima.

Ijumaa wazazi walikuja kwa kikao cha michango ya mahindi ya uji. Walikaa darasani kwangu kwa kuwa ndiko kwenye madawati mengi. Mimi niliandika muhtasari. Niliwaona wakisimama mbele ya kamba, wakicheka michoro, wakiitana: "Njoo uone mwanao anavyokata 'r' kama kisigino." Nilifurahi. Nilimwona Mama Agness, mke wa Danford, akisimama muda mrefu mbele ya karatasi moja, nikadhani amependa mwandiko.

Jumanne, siku moja baada ya Mzee Masatu kumchukua mwanawe, Mwalimu Mkuu aliniita ofisini. Mwalimu Stanislausi ni mtu wa mzaha, lakini siku hiyo mzaha wake ulikuwa mkavu.

"Mwalimu Hilda, umenitundikia bomu ukutani."

Akanionyesha kiti.

"Mama Agness amekwenda kwa mtendaji wa kijiji. Anataka karatasi iende mahakamani Musoma. Kesho saa tatu unatakiwa. Utaulizwa swali moja. Jibu kwa kifupi, urudi ufundishe."

"Nijibu nini, Mwalimu Mkuu?"

"Mimi niseme? Hadithi ni yako."

Alasiri hiyo Gati, mama yake Rhobi, alifika kwenye chumba nilichopanga karibu na shule. Alikuwa na chupa ya maziwa, na haikuwa Jumamosi. Alikataa kiti. Akakaa kizingitini, chupa katikati ya miguu.

"Mwalimu, kesho watakuuliza."

"Nimesikia, Mama Rhobi."

"Mwaka jana wanaume wa ukoo wetu waliapa mbele ya wazee. Mmoja mmoja. Kwamba hakuna mkono wao kwenye damu ya yule mtamba. Baba Rhobi aliapa. Gibson naye aliapa." Alisema jina la Gibson haraka, kama anayeruka dimbwi. "Wewe wa mjini labda hujui. Kiapo cha uongo hakimli aliyeapa. Kinaanzaga na watoto wa nyumba. Mimi ninao wanne, na Rhobi ndiye mkubwa."

"Mama Rhobi, alichoandika ni kweli?"

"Mimi sijaja na kweli, mwalimu. Nimekuja na maziwa."

Kuku walipita. Akawafukuza kwa mkono, akaendelea. "Ukisema ni hadithi, basi ni hadithi. Hakuna aliyetaja mtu. Mtoto anarudi shule keshokutwa. Baba yake ameahidi."

"Amempiga?"

"Hilo lilishapita. Mimi nazungumzia yanayokuja."

Alipoondoka aliacha maziwa. Niliyachemsha, sikuyanywa, kesho yake yalikuwa yameganda. Nilikuwa nimefikiria mambo mawili tu, Rhobi darasani na Rhobi nje ya darasa. Danford nilimfikiria pia, lakini kwa mbali, kama mtu wa kwenye hadithi. Sikuwahi kumwona. Rhobi nilikuwa namwona kila siku.

Ofisi ya mtendaji ilikuwa na meza moja na benchi mbili. Kwenye benchi ya kwanza walikaa Mzee Masatu, Gibson na wazee wawili wa ukoo. Kwenye ya pili, Mama Agness peke yake. Karatasi ya Rhobi, ambayo Mzee Masatu alikuwa ameagizwa aje nayo, ilikuwa mezani, imekunjuliwa, mikunjo minne imekata katikati ya nyota. Mtendaji, Bwana Florian, alikuwa kijana aliyevaa tai.

"Mwalimu, hatutakuchosha. Hii ni habari au ni hadithi?"

"Muulize vizuri," alisema Mama Agness. "Muulize hilo panga mtoto alilitoa wapi."

"Mama, subiri. Zamu yako itafika."

"Zamu? Mume wangu ana miezi kumi na moja ndani, wewe unaniambia habari ya zamu? Hapa ni kwa kinyozi?"

Mzee mmoja alicheka kidogo, akajikohoza. Gibson hakucheka. Alikaa mikono ikiwa katikati ya magoti, akitazama sakafu.

"Ni hadithi tu," nikasema.

"Sauti, mwalimu. Hatukusikii."

"Ni hadithi tu. Niliwafundisha kutunga. Mtoto akitunga huchukua vitu anavyoviona kila siku, anavitia humo. Haina maana kwamba vimetokea."

Mara ya pili niliisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyowahi kuzungumza mbele ya watu wazima. Nilishangaa ilivyokuwa imenyooka. Bwana Florian akaandika. Hapo Gibson aliinua uso akanitazama. Nilitegemea kuona mtu aliyepona. Nilichoona ni mtu aliyekuwa amekaa karibu na mlango, akasikia ukifungwa kwa nje.

Mama Agness alisimama, akakaza kanga kiunoni.

"Mwalimu, wewe una mtoto?"

"Sina, mama."

"Haya," alisema, akatoka.

Alhamisi Rhobi hakuja. Ijumaa hakuja. Jumamosi nilichukua chupa yangu nikapanda Mlimani. Gati alinikuta njiani kabla sijafika uani.

"Amekwenda Bunda, kwa shangazi yake."

"Mama Rhobi, uliniambia atarudi."

"Nilikuambia. Bibi yake akasema mtoto aliyetaja damu asilale nyumba hii mpaka mwaka ugeuke. Unabishana na bibi?" Macho yake yalikuwa mekundu. "Wewe ulisema hadithi, mwalimu. Wao walikusikia. Lakini nani alikuambia walikuamini?"

Nilinyoosha chupa, kwa kukosa la kufanya.

"Ng'ombe hawatoi siku hizi," alisema. Nyuma ya ua nilisikia maziwa yakigonga ndoo.

Wiki mbili baadaye nilikuwa naita mahudhurio. Jina la Rhobi nilikuwa bado nalisoma, kisha naacha nafasi ya mtu mmoja kuitika, kisha naendelea. Nilipofika kwa Agness, hakuitika "nipo".

"Madam, baba amepata mitatu," alisema.

Alisema kama mtoto anayetaja alama za mtihani. Ilinichukua muda kuelewa kwamba ni miaka.

"Pole, Agness."

"Asante, madam."

Saa nne na nusu, baada ya uji, nilifungua kauntabuku jekundu kwa sababu mikono ilikuwa imezoea. Vichwa vikalala. Cha Agness hakikulala.

"Madam, usisome."

"Kwa nini?"

"Ukimaliza utatuambia tuandike."

Hakukuwa na ujeuri katika sauti yake. Upande wa dirishani hakuna aliyemzomea, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza tangu nifike kwa upande mmoja kunyamaza mwingine ukisema. Nikalifunga kauntabuku, nikaandika ubaoni sehemu na desimali. Mchana, watoto walipotoka, nilitoa karatasi zote kwenye kamba. Vibanio nikaviacha. Nilihesabu madawati matupu ya katikati. Yalikuwa yamefika manne.

Likizo fupi ilipofika nilikwenda Musoma. Nilimkuta mama Mwigobero, ameinama juu ya turubai, anatenga dagaa na mawe kwa vidole. Nikainama pembeni yake, na kwa kuwa hakuwa ananitazama, nikamweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Wewe toka utotoni una uongo wa huruma," alisema. "Ulikuwaga unasema umeshiba ili wadogo zako waongezewe. Nilikuwa najua. Ila njaa ilikuwa ya kwako, nikakuacha. Hii ya safari hii umemgawia mtu mwingine."

"Nilitaka mtoto arudi shule, mama."

"Amerudi?"

Nikaokota jiwe, nikalitupa.

"Bunda si Ulaya," mama akasema. "Nenda kamwone. Na usimpelekee pipi."

Shangazi yake Rhobi, Miriamu, ana mgahawa wa mbao si mbali na stendi ya Bunda: ugali, sato wa kukaanga, chai. Ni mwanamke mrefu mwenye uso wa Mzee Masatu. Nilipojitambulisha alifuta mikono kwa aproni, akanipima.

"Kumbe wewe ndiye mwalimu wa nyota."

"Ndiye mimi, dada."

"Unajua hiyo mahari ni mimi? Ng'ombe kumi na wawili. Mume mwenyewe alishanifia, ng'ombe bado wanatembea. Kaka mkubwa akawakalia, mdogo akabaki anahesabu mapaja yake, hana cha kuolea." Alicheka, bila furaha. "Mimi huwa nahesabu ng'ombe wangu wamekula watu wangapi. Gibson. Danford. Sasa huyu. Yuko nyuma, anaosha vyombo. Ongea naye, lakini haongeagi. Wateja wanadhani nimeleta bubu."

"Shule?"

"Uhamisho wanataka barua kutoka kwenu. Kaka hajaileta."

Rhobi alikuwa amechuchumaa uani mbele ya masufuria mawili ya maji, moja la povu, moja la kusuuzia. Nywele zilikuwa zimenyolewa. Aliponiona alisema, "Shikamoo, mwalimu," akarudi kwenye sahani yake. Nikageuza kreti ya soda nikakaa, nikaanza kusuuza alichoosha. Tulifanya hivyo kwa muda mrefu. Yeye ananipa, mimi napokea. Nilikuwa nimebeba daftari lake la Kiswahili kwenye mkoba, na sikujua nilitoe vipi.

"Wenzako wanakusalimia," nikasema. Hawakuwa wamesema hivyo. Nikajisikia nikianza tena, nikanyamaza.

Baadaye akauliza, macho kwenye maji: "Mliimaliza hadithi?"

"Hapana."

"Yule msichana wa Vumbi alifanyaje?"

"Sijui, Rhobi. Sikuandika zaidi."

Akasugua ukoko wa ugali kwa kucha.

"Nisamehe kwa kuitundika karatasi yako," nikasema. "Nilidhani nakusifu. Halafu ofisini niliulizwa, nikasema umetunga. Nilitaka wakuache urudi shule."

"Baba aliporudi alisema mwalimu wako amesema wewe ni mwongo."

"Sikusema mwongo. Nilisema hadithi."

"Nyumbani ni kitu kimoja."

Kutoka mbele Miriamu aliita sahani mbili. Rhobi alinyanyuka, akapeleka, akarudi, akachuchumaa vile vile. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa na hasira.

"Baba yake Agness wamemwachia?" aliuliza.

Ningeweza kusema bado kesi inaendelea. Maneno yalikuwa tayari mdomoni, laini, yamepangwa vizuri kama yale ya ofisini.

"Wamemfunga," nikasema. "Miaka mitatu."

Mkono wake ukasimama ndani ya povu. Akakaa hivyo kiasi kwamba povu likaanza kupasuka na maji kuonekana. Kisha akautoa, akaukausha kwenye gauni mbele na nyuma, akasimama wima, mikono ubavuni, kama watoto wanavyosimama darasani wakiitwa kujibu. Alipofungua mdomo hakunong'ona. Sauti ilipita ukuta wa mbao, na mbele kule vijiko vikatulia.

"Mimi sikutunga, mwalimu. Niliona. Baba mdogo Gibson ndiye alimkata mtamba wetu, akaosha panga kwenye beseni yetu ya bluu, na baba yake Agness hakuwepo. Niliandika msichana hajui atamwambia nani. Nilikuwa nakuambia wewe."